Medali ya babu ndani ya fundo la kitenge: ni kitu gani, na inasema nini kweli?

Leo sileti habari ya barabara wala bei ya maharagi sokoni. Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo cha duara, cheusi kama sufuria ya zamani, ambacho huenda hata wewe unacho nyumbani.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Masisi alinifungulia fundo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na kadi ya uchaguzi, karatasi za shule za watoto, funguo za nyumba ambayo hajui kama bado ina mlango, na kile kitu cha duara chenye kipete juu cha kupitishia mnyororo. Akaniambia: "Babu ya mume wangu alikivaa shingoni siku za Mzungu. Mnunuzi mmoja wa vyuma anataka kukipima kwa kilo. Shemeji yangu naye anakataza kabisa, anasema hiki ndicho kitaturudishia shamba letu. Wewe mwanangu unayeandika habari, niambie: ni kitu gani hiki? Nikiuze ama nikiweke?"

Swali lake si la mtu mmoja. Tangu vita vilipotusukuma kutoka kijiji hadi kambi, na tangu kambi za pembeni mwa Goma zilipobomolewa Februari 2025, jamaa nyingi zimebaki na vitu vinavyoingia mkononi tu. Kitu kama hiki huuzwa haraka, siku ya njaa, bila mtu kukisoma. Kwa hiyo tukisome pamoja, hatua kwa hatua.

Kwanza: ni madini gani?

Katika Kiswahili chetu neno fedha lina maana mbili, madini meupe na pesa ya kununulia. Zamani vilikuwa kitu kimoja. Ndiyo maana mtu akisikia "hii ni fedha" anafikiri mara moja bei. Lakini kwanza tujue kama kweli ni fedha.

Chukua sumaku, hata ile ndogo ya redio iliyokufa. Ikivuta, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Isipovuta, endelea. Tazama pale palipochakaa zaidi, kwenye pua ya sura au kwenye ukingo. Pakiwa na rangi ya njano, ni shaba ya njano iliyopakwa weupe juu. Pakiwa na wekundu wa kahawia au ukungu wa kijani, ni shaba nyeusi. Fedha ya kweli huwa nyeusi ikikaa bila kuguswa, kwa sababu ya moshi na hewa, lakini chini ya weusi huo ni nyeupe mpaka ndani. Ikiwa nyepesi kama kifuniko cha sufuria, ni alimini, basi.

Wenzetu wa Walikale wanaofanya biashara ya dhahabu na kasiterite watatusaidia hapa, maana wana mizani midogo. Pima uzito wa kitu kwa gramu. Kisha kizamishe ndani ya chombo chenye alama za mililita, uone maji yamepanda kiasi gani. Gawanya uzito kwa mililita hizo. Fedha safi inatoa kumi na nusu hivi, na ikichanganywa na shaba inashuka kidogo hadi karibu na kumi. Shaba ya njano inatoa nane na kitu. Alimini haifiki tatu. Risasi inazidi kumi na moja, lakini risasi unaikwaruza kwa ukucha. Kwa njia hii hakuna haja ya kukata kitu wala kukipiga faili.

Kitu cha mama yule kilitoa karibu na kumi. Fedha, basi.

Pili: ni sura ya nani?

Hapa wengi hukosea. Wanaona kichwa cha Mzungu wanasema "ni Leopold". Lakini wafalme wa Ubelgiji waliotawala nchi yetu walikuwa wanne, na sura zao hazifanani. Leopold wa Pili, aliyekuwa mfalme tangu 1865 hadi 1909, ana ndevu ndefu zilizotanda kifuani. Albert wa Kwanza, 1909 hadi 1934, ana masharubu bila ndevu hizo. Leopold wa Tatu, 1934 hadi 1951, amenyoa uso wote. Baudouin, aliyeanza 1951 na kushuhudia uhuru wetu tarehe 30 Juni 1960, ni kijana wa uso mwembamba. Ukijua sura, umejua kitu hakikutengenezwa kabla ya mwaka gani. Leopold wa Pili mwenye maneno "Roi Souverain de l'État Indépendant du Congo" ni wa wakati nchi ilipokuwa mali yake mwenyewe, kabla ya Novemba 1908. Maneno "Congo Belge" ni ya baada ya hapo.

Kwenye kitu cha mama yule, kipangusio laini kilipopita, tuliona masharubu, na pembeni herufi A, L, B. Ni Albert. Hivyo hakikuanza na babu wa mababu, kama jamaa walivyosimulia. Kilianza kati ya 1909 na 1934, wakati Wabelgiji walipokuwa wanapanga milima yetu kwa karatasi na kalamu.

Tatu: maneno na alama za nyuma

Medali ya machifu, tangu wakati wa Leopold wa Pili, ilikuwa na sura ya mfalme upande mmoja, na upande wa pili nembo ya dola pamoja na maneno ya Kifaransa "Loyauté et dévouement". Maana yake ni uaminifu na kujitoa. Ilitolewa kwa madaraja matatu: fedha iliyopakwa dhahabu, fedha tupu, na shaba nyeusi. Daraja lilifuata ukubwa wa chifu machoni pa serikali. Kule Kongo ya Chini watu waliwaita machifu hawa mfumu palata. Neno palata linatoka kwa Wareno, ambao fedha wanaiita prata. Yaani hata jina lilikuwa wazi: chifu wa kipande cha fedha.

Lakini si kila kitu cha duara ni medali ya chifu. Angalia hivi vingine ambavyo mara nyingi huchanganywa navyo.

Kuna medali ya Bikira Maria. Hiyo ni ndogo, ya umbo la yai, mara nyingi ya alimini, na ina mwaka 1830. Watu wengi wanaona 1830 wanafikiri kitu kina umri wa karibu miaka 200. Sivyo. Huo ni mwaka wa maono ya mtawa mmoja kule Paris, na medali zimeendelea kupigwa na mwaka uleule hadi leo.

Kuna pesa za zamani zilizotobolewa zikavaliwa shingoni. Franka 50 za Congo Belge za mwaka 1944 ni za fedha na zina tembo. Franka 2 za 1943 nazo zina tembo, lakini zina pembe sita na ni za shaba ya njano. Tembo si mfalme. Hiyo ni pesa.

Kuna medali za askari. Babu zetu walikuwa katika Force Publique iliyoingia Tabora Septemba 1916, na wengine walikuwa Saïo, Ethiopia, Julai 1941. Nyuma yao walitembea wapagazi wengi sana, na Kivu ililipa sehemu kubwa ya mizigo hiyo. Medali ya askari ilining'inia kifuani kwa utepe wa kitambaa. Haikuvaliwa shingoni kwa mnyororo.

Na mwisho kuna fedha ya Uingereza. Hiyo inajitambulisha yenyewe kwa mihuri midogo iliyopigwa mahali pa kujificha. Simba anayetembea maana yake ni fedha ya sehemu 925 kati ya 1,000. Nanga ni muhuri wa mji wa Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi moja peke yake inaonyesha mwaka. Pini ya ukumbusho kutoka nchi ya Wales itakuwa na joka, au manyoya matatu, au neno "Cymru", ambalo ndilo jina la nchi hiyo katika lugha yao. Wales haikuwa na ofisi yake ya kupima fedha, hivyo vitu vyake vilipelekwa kupigwa muhuri miji ya Uingereza kama Chester au Birmingham. Ofisi ya Chester ilifungwa 1962.

Mtauliza: Wales inatuhusu nini sisi watu wa Masisi na Walikale? Inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mtoto wa Wales aliyeficha jina lake

Tarehe 28 Januari 1841, katika mji mdogo wa Denbigh, kaskazini mwa Wales, alizaliwa mtoto aliyeitwa John Rowlands. Wazazi wake hawakuoana na mama hakumlea. Akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alipokuwa kijana alivuka bahari hadi New Orleans, Marekani, akachukua jina la mfanyabiashara mmoja wa pamba. Tangu hapo akajiita Henry Morton Stanley. Kwa miaka mingi alijisema ni Mmarekani, akaficha Wales na lugha aliyoongea utotoni.

Huyu ndiye aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, ndiye aliyefuata mto Kongo hadi baharini mwaka 1877, na ndiye Leopold wa Pili alimtuma kuanzia 1879 kujenga vituo na kukusanya misalaba ya machifu kwenye mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Karatasi hizo zilimsaidia Leopold kupata nchi wakati wa mkutano wa Berlin, uliofanyika kati ya Novemba 1884 na Februari 1885. Dola yake ikatangazwa mwaka 1885. Miaka michache baadaye medali za machifu zikaanza kutolewa. Mkataba ulichukua nchi, na medali ilikuja kumtambua yule ambaye angeitunza nchi hiyo kwa ajili ya mfalme.

Stanley hakupita Masisi wala Walikale. Safari yake ya mwisho, ile ya kwenda kumwokoa Emin Pasha, ilipita kaskazini mwetu. Iliondoka Unguja Februari 1887 na Wazanzibari zaidi ya 600, ikazunguka bara kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, ikapanda mto hadi Yambuya, kisha ikaingia msitu wa Ituri. Njaa, mishale na magonjwa viliwamaliza wengi. Safari ilifika Bagamoyo Desemba 1889, na sehemu kubwa ya wale walioanza nayo hawakufika. Njiani vijiji vilichomwa na vyakula vikachukuliwa kwa nguvu. Hadithi za namna hiyo hatuhitaji kufundishwa.

Mwaka 1890 Stanley alipokelewa London kama mshindi. Shirika la Kifalme la Jiografia lilimtengenezea medali ya dhahabu, na maofisa wake Wazungu wakapata za shaba nyeusi. Lakini safari hii shirika hilo lilikumbuka pia wabebaji. Wazanzibari waliosalia walitengenezewa nyota ya fedha ya pembe tano, yenye maneno ya "Emin Relief Expedition" na miaka 1887 hadi 1889. Hazikufika hata 250. Leo nyota hizo zinauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa pesa ambayo mpagazi yeyote wa wakati ule asingeiona maisha yake yote. Ikiwa mtu wa Kindu, Kisangani au Unguja ana nyota ya namna hiyo kwenye sanduku la babu, anashika karatasi ya mwisho ya mtu aliyebeba mzigo huo mgongoni.

Na Wales yenyewe? Mji wa Colwyn Bay ulikuwa na shule ya vijana Waafrika iliyoitwa kwa jina la Kongo. Ilianzishwa na mhubiri William Hughes, aliyerudi kutoka Kongo na watoto wawili, Kinkasa na Nkanza. Wote wawili walikufa huko na wamezikwa katika ardhi ya Wales. Denbigh ilisimamisha sanamu ya Stanley mwaka 2011, na mwaka 2021 wakaaji walipiga kura kama iondolewe. Wengi wa waliopiga walisema ibaki. Sisi tulijibu swali hilo mapema: sanamu yake ya Kinshasa iliangushwa wakati wa Mobutu, na Stanleyville iliitwa Kisangani tangu 1966.

Medali ilipofika milimani kwetu

Upande wetu serikali ya Mzungu ilichelewa. Kabla yake walifika Waungwana kutoka Maniema, wakitafuta pembe na watu, nao wakaacha lugha hii ninayowaandikia. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipanda Nyiragongo, kisha akapasua msitu kuelekea mto Lowa mpaka akatokea kwenye mto Kongo. Mipaka kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza ilikubaliwa mwaka 1910 tu. Na mwaka huohuo, tarehe 2 Mei 1910, ikatoka amri ya kupanga watu wote chini ya machifu wanaotambuliwa na serikali. Amri ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya 6 Oktoba 1891, na nyingine ikaja tarehe 5 Desemba 1933, ikiunganisha machifu wadogo ndani ya sultani kubwa na sekta.

Fikirini jambo hilo linavyofanyika mlimani. Mwami wa Wahunde au wa Wanyanga hakupata umwami kwa kupewa kitu na Mzungu. Alitawazwa na wazee wa mila, kwa vitu vyake vya siri, kwa ardhi na mizimu ya ukoo wake. Katika utenzi wa Mwindo, ule ambao mzee Candi Rureke wa Wanyanga alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956 katika nchi ya Walikale, nguvu ya shujaa iko kwenye kipepeo chake kiitwacho conga. Haiko kwenye kipande cha fedha. Serikali ya kikoloni ilikuja na kitu chake: medali shingoni, na karatasi ya kusimikwa iliyoandikwa na msimamizi. Aliyevaa medali alitakiwa kukusanya kodi, kutoa wapagazi, kutengeneza barabara, na kuleta mpira na mazao yaliyoamriwa. Akishindwa, medali ilivuliwa na kuvishwa mwingine.

Ndiyo maana mahali pengine mwami wa kweli alifichwa na watu wakampeleka mtu mwingine mbele ya Mzungu. Mahali pengine mwami mwenyewe alivaa medali mchana na kutumikia mila usiku. Mahali pengine ndugu wawili waligombana, na medali ikaamua kwa muda kile ambacho wazee hawakuwa wameamua. Medali moja haiwezi kutuambia ni ipi kati ya hizo. Inatuambia tu kwamba siku fulani msimamizi aliamua kumtambua mtu huyu.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, kazi ya kulazimishwa ya mpira ilipozidi, Wakumu na majirani wao walisimama chini ya Bushiri Lungundu, mtu wa Kitawala. Moto huo uliwaka kati ya Masisi, Walikale na Lubutu. Serikali iliuzima kwa damu. Wale waliovaa medali walijikuta katikati: chini wananchi wao, juu msimamizi na bunduki.

Na hatuwezi kuruka jambo la Gishari. Kuanzia 1937 serikali ya kikoloni iliunda kazi ya kuhamisha watu kutoka Rwanda kuja kulima Masisi, ikakata ardhi na kuweka utawala wa Gishari, kisha ikaufuta utawala huo mwaka 1957. Ndani ya miaka ishirini chifu aliwekwa kwa kalamu na kuondolewa kwa kalamu. Leo kila upande una wazee wake, kumbukumbu zake, na pengine medali zake. Mimi sisemi hapa nani ana haki gani. Ninasema kwamba kilichowekwa na msimamizi wa kikoloni kinahitaji kusomwa pamoja na vingine vyote, kisichukuliwe kama neno la mwisho.

Je, medali inarudisha shamba?

Hapa ndipo namjibu yule shemeji, kwa heshima zote. Kaka yangu, medali hii hairudishi shamba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ya nchi ni mali ya dola, na mtu anapata haki ya kuitumia kwa njia zilizowekwa. Sheria ya Agosti 2015 kuhusu machifu wa mila inasema chifu anateuliwa kwa mila ya mahali pake na kutambuliwa na serikali. Hakuna sheria inayosema mwenye medali ya Albert ndiye mwenye mlima. Mtu akikuambia lete medali nikutafutie haki yako ya shamba, anataka medali.

Lakini medali si kitu bure. Ni ushahidi mmoja wa historia: kwamba katika ukoo huu kulikuwa na mtu aliyetambuliwa kuwa chifu wakati fulani. Ikiungana na jina lake, jina la kijiji, ushuhuda wa wazee wa pande zote, na karatasi ya kusimikwa ikipatikana, inaanza kuongea. Nyaraka nyingi za utawala wa kikoloni ziko Brussels, na karatasi za Stanley mwenyewe ziko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Watafiti Wakongomani wanazifikia, na jina la kijiji linaweza kutafutwa. Lakini atakayetafuta anahitaji jina. Medali isiyo na jina la aliyeivaa ni gramu za fedha tu, na hapo mnunuzi wa vyuma ana haki.

Mambo ya kufanya leo

Kwa jamaa walio na kitu kama hiki, haya ndiyo ninayowaomba.

Msikisugue kwa majivu, mchanga wala ndimu. Kusugua kunafuta herufi, na herufi ndizo zinazotupa mwaka. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Mkipige picha pande zote mbili na ukingoni, kwenye mwanga wa asubuhi, kikiwa kimelala pembeni ya sarafu mnayoijua ili ukubwa uonekane. Picha hiyo mtumie ndugu mnayemwamini aliye mbali. Kitu kikiibiwa njiani, picha itabaki.

Mkae na mzee wa jamaa mwandike au mrekodi kwa simu: nani alikivaa, alikuwa wa kijiji gani na gurupema gani, alikipata kwa nani, kilipita mikononi mwa nani mpaka kwenu. Kama mzee hakumbuki, aseme hakumbuki. Msimwongezee. Hadithi iliyoongezwa inaharibu hata ile ya kweli.

Msikipeleke hadharani kwenye mabishano ya ardhi, hasa sasa ambapo neno moja linaweza kuwasha nyumba. Na msionyeshe kwenye vizuizi vya barabarani.

Na mkilazimika kuuza, kwa kuwa mtoto anaumwa na hakuna njia nyingine, sitawahukumu. Mtoto anazidi fedha. Lakini kwanza pigeni picha na kuandika jina, na msikubali bei ya vyuma chakavu kwa kitu ambacho mmekipima mkajua ni fedha.

Tulivyomaliza na mama

Tulikaa naye mchana mzima. Shemeji alikuja, hakufurahi mwanzoni. Nilimweleza kuhusu sura ya Albert, akahesabu miaka kwa vidole, akasema: "Basi aliyevaa si babu wa ukoo. Ni yule mdogo wake, aliyejua kuongea na Wazungu." Mama akamtazama. Kumbe jamaa nzima ilikuwa inajua hivyo, ila ilikuwa haisemwi, maana huyo mdogo ndiye aliyekusanya watu kwa kazi za barabara, na kuna koo jirani ambazo hazijasahau.

Hapo ndipo niliona kwa nini kitu kidogo kama hiki kinatisha. Stanley alificha Wales kwa sababu ya aibu ya kuzaliwa maskini. Jamaa hii ilificha ndugu mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu ya aibu ya kazi aliyoifanya. Medali yenyewe haikuficha kitu. Sura ilikuwa pale siku zote, chini ya weusi.

Mama aliamua kukiweka. Binti yake wa shule ya sekondari aliandika kwenye ukurasa wa daftari majina yote mawili, la mkubwa na la mdogo, na kazi ya kila mmoja, na shemeji akasahihisha jina la kijiji lililoandikwa vibaya. Ukurasa ulikunjwa, ukafungwa pamoja na medali, kadi ya uchaguzi na funguo za nyumba. Kisha fundo la kitenge likafungwa tena.

Nanyi mlio na kitu cha namna hiyo, mkisome kabla hakijapimwa kwa kilo. Amani iwe kwenu nyote, na Mungu aturudishe kila mmoja kwake.